Msizitupe kompyuta kuukuu, vijana wanazihitaji kujifunza kuandika programu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wakuu wa shule, wazazi, na wale wanaoshika funguo za stoo za ofisi zetu. Tarehe 14 Oktoba 2025 huduma ya kawaida ya Windows 10 ilifikia mwisho. Windows 11 iliyoshika nafasi yake haikubali kila mashine. Inataka kichipu cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kwa prosesa (chipu inayofanya hesabu za kompyuta) za Intel inaanzia kizazi cha 8, yaani zile zilizoanza kutoka mwaka 2017. Kwa hiyo kompyuta yenye Core i5 ya kizazi cha 4 na memori ya GB 8, isiyo na kasoro yoyote, leo inahesabiwa kuwa mzigo. Nimeziona mashine za namna hiyo zikiwekwa kwenye mizani ya vyuma chakavu na kuuzwa kwa kilo. Iliniuma sana, kwa sababu ninajua kila moja ingeweza kufanya kazi gani.

Wakati huohuo wazazi wanahangaika. Mama mmoja aliniuliza baada ya kipindi, "Mwalimu, mwanangu anasema bila laptopu mpya hawezi kusoma haya mambo ya programu. Nikakope kwenye kikoba?" Nilimwambia asikope. Ningependa kila mzazi mwenye swali hilo apate jibu hilohilo pamoja na sababu zake, ndiyo maana naandika.

Ninafundisha vijana kuandika programu, nyakati za jioni, hapa Ngamiani, Tanga. Mashine zetu zote ni za kupewa. Nyingi ni Dell OptiPlex na HP Compaq za mezani zilizotoka katika ofisi za mizigo, na baadhi zina prosesa za Core 2 Duo na memori ya GB 2 tu. Zote zinatumia Debian, mfumo endeshi wa programu huria, unaoendesha kompyuta kama Windows inavyofanya. Hauuzwi, hauombi leseni, na msimbo wake, yaani maandishi yaliyouunda, uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuubadilisha na kuugawa. Ian Murdock aliuanzisha Agosti 1993 akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu Marekani, akitumia kiini cha Linux, sehemu inayounganisha programu na mashine, ambacho Linus Torvalds, naye akiwa mwanafunzi, alikitangaza huko Helsinki Agosti 1991. Hadi leo unatunzwa na watu wanaojitolea kutoka nchi nyingi. Toleo la 13 lilitoka tarehe 9 Agosti 2025. Nasema Debian kwa kuwa ndiyo niijuayo. Anayetumia Ubuntu au Linux Mint hajapotea, maana zote mbili zina asili hukohuko.

Kwa mtu anayejifunza kuandika programu, mfumo huu umekamilika kuliko watu wanavyodhani. Python, lugha ya kuandikia programu, tayari imo. Zana nyingine zinaletwa kwa mstari mmoja wa apt, amri ya kusakinisha programu, ikitanguliwa na sudo inayompa mtumiaji mamlaka ya kufanya hivyo:

sudo apt install build-essential python3-venv idle geany git gdb

Mstari huo unaleta kompaila (programu zinazogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine) za C na C++, kihariri chepesi cha kuandikia msimbo, chombo cha kutafutia makosa ndani ya programu inayokimbia, na Git ya kutunza historia ya kazi. Hakuna kuzunguka tovuti moja baada ya nyingine, hakuna kujiandikisha, na hakuna kuogopa kama faili ulilopakua limetiwa kitu. Orodha ya vifurushi, yaani programu zilizofungwa tayari kusakinishwa, imetiwa sahihi ya kidijitali, na mashine hukihakiki kila kifurushi kwa orodha hiyo kabla ya kukipokea. Kabla ya hapo wanafunzi wangu walikuwa wakija na kopi za Windows zilizochakachuliwa, na flashi zao zilijaa vile virusi vinavyogeuza kila folda kuwa njia ya mkato. Kazi ya wiki nzima ilikuwa ikipotea kwa sababu ya flashi ya mtu mmoja.

Mashine ndogo inatosha kwa sababu kazi yenyewe ni ndogo. Programu ya kujifunzia ni faili la maandishi la mistari michache. GCC, kompaila tunayoitumia, ilitoka kwa mara ya kwanza mwaka 1987, wakati kompyuta zilikuwa na memori kidogo kuliko simu ya kitochi ya leo. Kinachokula memori ni mapambo ya skrini na vivinjari vya intaneti.

Ugumu upo siku ya kwanza, na hapo ndipo walimu wengi wanakata tamaa na kurudisha mashine stoo. Naomba nikae hapa kidogo, kwa sababu mambo yanayokwamisha yanajulikana na kila moja lina dawa.

La kwanza linatokana na intaneti. Watu hupakua faili dogo la kusakinishia, la megabaiti mia kadhaa, wakidhani wameokoa bando. Faili hilo huvuta vilivyobaki mtandaoni wakati wa kusakinisha, tena upya kwa kila mashine. Pakueni DVD ya kwanza, karibu GB 4, mara moja tu na kwa bando la usiku. Iandikeni kwenye flashi ya GB 8, na flashi hiyohiyo itatumika kwa chumba kizima. Ukiwasha Dell bonyeza F12, HP ya mezani F9, uchague kuwakia kwenye flashi. Tangu toleo la 12, Debian huja na zile programu ndogo zinazohitajika na kadi nyingi za waifai, kwa hiyo usumbufu uliowakimbiza watu zamani umepungua sana.

Kisakinishi kitauliza nywila ya root, yaani mtumiaji mwenye mamlaka yote. Acheni nafasi hiyo wazi na kuendelea. Mkiijaza, mtumiaji wa kawaida hatapewa ruhusa ya kutumia sudo, na ule mstari wangu wa hapo juu utakataliwa kwa ujumbe kwamba jina lenu halimo katika orodha. Nimewakuta vijana waliofuta kila kitu na kuanza upya kwa sababu ya swali hilo moja. Mkifika penye kuchagua sura ya mezani, ondoeni alama kwenye GNOME na mchague Xfce. GNOME ni nzuri, lakini kwenye memori ya GB 2 kila dirisha linafunguka kwa taabu.

Mfumo ukishawaka, mtu huandika amri yake ya kwanza ya apt na mashine inamwambia aingize diski. Hajui ni diski gani, na flashi ameshaichomoa. Fungueni faili la /etc/apt/sources.list, tafuteni mstari unaoanza na "deb cdrom", muweke alama ya # mwanzoni mwake, kisha muendeshe sudo apt update. Kama katika faili hilo hakuna mistari ya seva za Debian za mtandaoni, iongezeni hapohapo.

Jambo jingine ni saa. Kompyuta iliyokaa stoo muda mrefu huwa betri yake ndogo ya CR2032 imekufa, na kila ikiwashwa inaamini iko miaka mingi nyuma. Basi apt hukataa kufanya kazi, kwa sababu inaona orodha ya programu imetiwa sahihi tarehe ambayo kwa hesabu za mashine haijafika. Tovuti nazo hukataa kufunguka. Mwalimu anahangaika na mtandao siku nzima, kumbe tatizo ni betri inayouzwa kwa mafundi saa. Badilisheni betri kwanza, kabla ya jambo lolote. Na kama shule ina hela kidogo ya ziada, diski ya SSD, yaani ile isiyozunguka na yenye kasi, ya GB 120 itaifaa mashine kuukuu kuliko kifaa kingine chochote mtakachoinunulia.

Lipo pia suala la Python. Mwanafunzi ameona mtandaoni mtu akitumia pip kuongeza maktaba ya Python. Anaijaribu kwenye Debian na anakataliwa kwa ujumbe mrefu unaosema mazingira haya yanasimamiwa na wengine. Ushauri uliozagaa ni kuongeza maneno ya kulazimisha, "--break-system-packages". Ninawasihi wanafunzi wasifanye hivyo. Zipo zana za mfumo wenyewe zilizoandikwa kwa Python, na ukivuruga maktaba zake unaweza kuzivuruga nazo. Katika folda ya kazi yake aandike:

python3 -m venv mazingira
source mazingira/bin/activate

Kuanzia hapo pip itafanya kazi ndani ya folda hiyo tu. Akiharibu, anafuta folda na kuanza tena, mfumo ukiwa salama. Nimeona kijana akitulia kabisa baada ya kuelewa kwamba ana uwanja wake ambao hawezi kumuumizia mtu mwingine.

Nakuja kwenye jambo lililotuokoa zaidi kuliko yote, nalo ni apt-cacher-ng. Hii ni programu unayoiweka kwenye mashine moja ya mwalimu. Mashine nyingine zinaunganishwa nayo kwa swichi, kile kisanduku cha kuunganishia kompyuta nyingi, na waya za kawaida za mtandao, na kila moja inawekewa faili dogo ndani ya /etc/apt/apt.conf.d/ lenye mstari mmoja, kwa mfano:

Acquire::http::Proxy "http://192.168.1.10:3142";

Mashine ya kwanza ikiomba kifurushi, ya mwalimu hukivuta mtandaoni na kubaki na nakala. Mashine zinazofuata hupewa nakala hiyo bila kugusa bando, kama majirani wanaochota kwenye tangi moja lililokwisha kujazwa. Kabla ya kuiweka, siku ya masasisho ilikuwa inamaliza hela ya intaneti ya mwezi. Sasa masasisho ya chumba kizima yanakula bando la mashine moja. Ninashangaa kwamba sijawahi kuiona kwenye mafunzo yoyote ya walimu niliyohudhuria, ilhali bando ndilo lililowashinda wengi.

Git nayo haihitaji intaneti, ingawa vijana wengi wanaamini haifanyi kazi bila kufungua akaunti mahali fulani. Linus Torvalds aliiandika Aprili 2005 kwa ajili ya kazi ya Linux, na aliijenga ili kila mtu awe na historia yote kwenye mashine yake. Sisi tunaweka hazina, yaani folda ya kazi na historia yake, kwenye mashine ya mwalimu kwa git init --bare, na wanafunzi wanasukuma kazi zao kwa ssh, njia salama ya kuingia kwenye kompyuta nyingine, kupitia swichi ileile. Ninasahihisha humo. Umeme ukikatika katikati ya somo, kinachopotea ni mistari ambayo mtu hakuwa ameihifadhi.

Wanaandika nini? Mmoja wa wasichana wangu ni mtoto wa muuza samaki wa Deep Sea, kunakouzwa samaki hapa Tanga. Aliandika programu ya kutunza mauzo ya mama yake: aina ya samaki, uzito, bei, na nani kachukua kwa deni. Jioni anaingiza yaliyomo kwenye daftari la mama na anapata orodha ya wadaiwa, imehifadhiwa kama faili la CSV, la maandishi yaliyopangwa kama jedwali, ambalo LibreOffice, programu huria ya ofisi, inalifungua. Programu yake ilipokuwa changa, jumla zilitoka na tarakimu za ajabu baada ya nukta. Tulikaa nalo. Niliwaomba wote waandike 0.1 + 0.2 kwenye Python, wakapata 0.30000000000000004. Hapo nikawaeleza kwamba kompyuta huhifadhi desimali kwa namba za mbili, yaani 0 na 1 tu, na kwamba sehemu ya kumi haiandikiki kikamilifu kwa namna hiyo, kama vile theluthi isivyoandikika kikamilifu kwa desimali zetu. Akabadilisha uzito kuwa gramu na bei kuwa shilingi nzima, zote namba kamili, na hesabu zikatulia. Somo hilo tulilisoma kwenye mashine ambayo ofisi moja ilikuwa imeiandika "mbovu" kwa kalamu ya wino mzito.

Najua pingamizi. Wengi huniambia waajiri wanataka Windows. Kwa kazi za kuandika programu, Python ni ileile, C ni ileile, Java ni ileile. Seva nyingi zinazobeba tovuti tunazozitembelea kila siku zinatumia Linux. Simu yoyote ya Android iliyo mfukoni mwa mzazi inaendeshwa na kiini hichohicho. Tangu Novemba 2017, kompyuta zote 500 zilizo katika orodha ya dunia ya kompyuta kuu zenye nguvu zaidi zinatumia Linux. Kijana anayejua kuisimamia hajanyimwa ajira.

Wala mambo haya si mageni kwetu. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi kwa Kiswahili. Katika Hispania, jimbo la Extremadura lilikuwa limeanza mwaka 2002 kuweka shuleni mfumo wake uitwao LinEx, uliojengwa juu ya Debian, na jimbo hilo halikuwa miongoni mwa matajiri wa nchi ile. Tulikuwa na mwanzo mzuri, na tunaweza kuushika tena.

Hata hivyo nisiwafiche mipaka. AutoCAD, programu ya kuchorea ramani, haipo kwa Linux, na wanafunzi wa ufundi ramani wanaihitaji. Programu za uhasibu zinazotumiwa na maduka mengi nazo zimeandikwa kwa ajili ya Windows. Na kijana anayetaka kutengeneza programu za simu kwa Android Studio hatafurahi na mashine zangu, kwa kuwa chombo hicho kinadai memori ya GB 8 kwa uchache na kwa kweli kinataka zaidi. Shule yenye somo linalohitaji Windows ibakishe mashine kadhaa za Windows. Ninachokataa ni darasa zima la programu kusimama kwa sababu chumba hakina mashine mpya.

Kwa maofisa wa ofisi nina ombi mahususi. Wengi wenu hamtoi kompyuta kwa kuhofia siri za ofisi zilizomo, na hofu hiyo ni ya haki. Lakini siri zimo kwenye diski peke yake. Ichomoeni diski mkabaki nayo, mashine itolewe bila diski. Sisi tutaitafutia nyingine. Au kama ni diski ya kawaida ya kuzunguka, iwashieni mashine Debian kutoka kwenye flashi na muifute kwa shred, ambayo huandika takataka juu ya kila sehemu yake. Kwa SSD njia hiyo haiaminiki vizuri, kwa hiyo diski ya namna hiyo bora mbaki nayo. Mali ya umma ina taratibu zake za kuondolewa na siombi zivunjwe. Naomba tu kwamba kamati ikikaa, shule na vyuo vya maendeleo ya wananchi vifikiriwe kabla ya mnunuzi wa vyuma chakavu. Na mkitoa, toeni pamoja na waya za umeme, kibodi na vipanya. Tumewahi kupokea mashine nzima tukazikalisha kwa kukosa waya.

Kwa wakuu wa shule: msimwachie mwalimu wa kompyuta kazi hii katikati ya muhula. Mpeni wiki ya likizo, swichi moja, bando la usiku na wanafunzi wawili watatu wa kidato cha tatu wanaopenda. Hao wanafunzi ndio watakaoendelea kuvihudumia vyumba hivyo, na watajifunza humo zaidi ya wanavyojifunza kwenye kipindi.

Na walio na mashine za zamani zaidi, kama Pentium 4 zisizo za biti 64, Debian 13 haina tena kisakinishi chao. Watumie Debian 12, ambayo itaendelea kupata marekebisho ya usalama kwa huduma ya muda mrefu hadi Juni 2028. Core 2 Duo ni za biti 64, hizo ziwekeeni 13 bila wasiwasi.

Mwalimu wa kompyuta,
Ngamiani, Tanga.